Matumba ya Mrehani

Kuna watu walio tayari kupotea njia mchana kweupe kuliko kumwuliza mpita njia. Fundi cherehani mmoja alikuwa wa namna hiyo. Mama mkwe wake alipokwenda kumwuguza dada yake, alimwachia makopo mawili ya mrehani kwenye dirisha la jiko.

"Nitunzie, mwanangu. Bila huo, mchuzi wangu haunuki."

Fundi akaitikia kwa mbwembwe, ingawa hajawahi kuotesha hata kitunguu.

Tangu aolewe, alikuwa akimwona mama huyo kila asubuhi akinyofoa matumba ya maua. "Mtu ana wivu hata na maua!" alijisemea, asiulize. Basi sasa akayaacha yachanue, akamringia mumewe hadi mwenzake akachoka.

Mara majani ya kopo moja yakawa madogo, makavu, machungu kama shubiri. Mama alikuwa karibu kurudi, na akikuta hivyo, hatamwamini tena hata na mwiko. Lakini kopo la pili, lililokaa karibu na bawaba za dirisha, lilikuwa limenawiri. Maji yale yale, udongo ule ule! Fundi akalichunguza kama anayetafuta sindano sakafuni. Alipolifungua dirisha, ambalo hufungukia ndani, akaona ukingo wake ukikwangua vilele vya mrehani huo pekee na kuangusha matumba. Chini ya kila kilele kilichokatika palikuwa pamechipua matawi mawili.

Udadisi ukaishinda aibu. Akapiga simu.

"Mama, kwani maua yana ubaya gani?"

"Yanakula nguvu, mwanangu. Mrehani ukichanua huwaza mbegu tu, majani huyasusa."

"Basi nimekuharibia, mama. Kopo moja limechanua lote."

"Shina bado kijani? Kata juu kidogo ya majani ya chini, utachipua." Kisha akaongeza, "Siku zote nilikuwa nanyofoa mbele yako taratibu, makusudi, nikingoja uniulize. Nikadhani hutaki kuzungumza na mimi."

Machozi yakamlengalenga fundi. Alikuwa akiogopa kuonekana mjinga, kumbe ameonekana mwenye kiburi.

"Nilikuwa naona haya, mama."

"Haya ya nini, na mimi ni mama yako? Haya, uliza lingine."

Akauliza lingine, na lingine tena, mkasi mkononi, mpaka salio likakatika. Ama kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.