Mkwe Asiyetua Mchi

"Hodi, wenyewe!"
"Karibu!"
"Nimejitwika kitu."
"Tua!"
"Kizito hiki."
"Tutakupokea!"

Haya, nipokeeni basi. Na wewe unayesinzia hapo nyuma sogea mbele, maana mzigo huu hautuliwi na mtu mmoja.

Paliondokea kilima cha mawe, na juu ya kilima walikaa pimbi. Pimbi mnamjua? Ni yule mdogo wa mwilini, kama sungura aliyesahau kuvaa masikio. Miongoni mwao alikuwako binti aitwaye Kidawa, aliyekaa na mama yake, wawili tu. Mama alikuwa ametwanga mtama tangu usichana wake, akatwanga, akatwanga, mpaka bega la kulia likafa ganzi. Akiinua mchi mara tatu, mara ya nne mkono haupandi. Kilima kizima kilijua, na wa bondeni nao walijua.

Sasa sikilizeni mila ya pimbi. Mwanamume akija kuposa, hutwanga mtama pamoja na mama mkwe. Katikati hutundikwa jamvi, mkwe upande huu, mchumba upande ule, wala hawaonani, kwa sababu kumchungulia mkwe akiwa kazini ni aibu isiyofutika. Mama akimpenda kijana, hutwanga mara tatu, du, du, du, kisha hutua mchi chini. Basi, huko ndiko kukubali, vigelegele hupigwa. Asipompenda, huendelea kutwanga mpaka kijana achoke, atue wa kwake, aende zake kimyakimya. Hakuna matusi wala ugomvi.

Bondeni alikaa Tembo. Tembo alikula ghala la mtama kwa siku moja, na kutwanga hakupenda. Akaoa mke wa kwanza. Akatwanga, akachoka, akakimbia. Akaoa mke wa pili. Akatwanga, akachoka, akakimbia. Akaoa mke wa tatu. Huyo aliliona lile ghala tu, akakimbia. Tembo akabaki na njaa yake. Ndipo akasikia habari za mama wa kilimani mwenye bega bovu.

Akacheka peke yake, hee hee hee. Angeweza kumchukua binti wa watu kwa nguvu, lakini wanyama wangemsema, na Tembo alipenda sifa kuliko mtama. Kwa nini ajichafulie jina, na mila ipo? Mama atatwanga mara tatu, bega litamshinda, mchi utatuliwa. Kukubali kumekwisha.

Akapanda kilimani na posa yake, kwa adabu nyingi mpaka zikachosha. Akasema atarudi baada ya siku saba kutwanga na mkwe, na kwamba yeye ni mtu wa mila sana. Wazee wa kipimbi wakatazamana. Posa ni ya halali, wangesema nini?

Siku ile mama alilia. Alimwambia Kidawa kwamba bega lake halijui kusema hapana. Kidawa alichukua kibuyu akaenda kwenye maporomoko kuchota maji, na njia nzima aliogopa. Alijiona bondeni, mbele ya kinu cha Tembo, akitwanga mpaka naye bega life ganzi, na mama kilimani hana wa kumpa hata maji ya kunywa.

Alipofika, akaegesha kibuyu kwenye ncha ya gogo jembamba lililolala juu ya jiwe, maji yakawa yanaingia, chururu, chururu. Kibuyu kikajaa. Ncha ile ikashuka, kibuyu kikapinduka, na ncha ya pili ikapanda ikampiga Kidawa kidevuni. Kisha ikarudi chini kwa kishindo, du!

Kidawa akasugua kidevu. Akalitukana gogo. Halafu akatega kibuyu tena, safari hii kidevu akakiweka mbali. Chururu, kwiii, du! Akatega tena. Chururu, kwiii, du!

Akakaa kitako akawaza. Kila mwenye kubeba mtungi kupanda kilima anajua jinsi unavyouma mgongo. Na kila aliyewahi kuteleza anajua kwamba mtungi huo ukianguka, zile nguvu zote ulizotumia kuupandisha zinashuka nao, kwa mkupuo mmoja. Kumbe hazikupotea. Zilikuwa zimelala juu zikingoja. Sasa haya maji ya maporomoko nani aliyeyapandisha huku juu? Akatazama angani. Jua hunywa ziwa kule mbali, mawingu hubeba, mvua humwaga mlimani, maji hushuka. Kesho jua hunywa tena. Mpagazi yule habebi mara moja akachoka, na mshahara hadai.

"Mama," alisema aliporudi nyumbani, "nimekupatia bega."

Siku sita walichonga. Walichukua gogo refu, ncha moja wakaichimba ikawa kama upawa, ncha ya pili wakafunga mchi. Katikati wakaliegemeza juu ya jiwe lenye mgongo. Kinu wakakiweka chini ya mchi. Kisha wakapasua mwanzi, wakauelekeza kutoka kwenye maporomoko hadi kwenye upawa. Mbele ya yote wakatundika jamvi, kama mila itakavyo. Mama akaingia nyuma yake akakaa na kapu la mtama, kazi yake ikiwa kumimina nafaka kwa mkono wa kushoto tu.

Siku ya saba Tembo akaja na mchi mkubwa kama nguzo ya nyumba. Akasimama mbele ya jamvi, akaamkia kwa sauti ya kuwasikilizisha watu. Kidawa, aliyekuwa akipeleka salamu upande huu na upande ule, akajibu kwamba mama amepokea na mama yuko tayari.

Tembo akaanza. Du-du-du-du-du! Mbio, kama anafukuzwa. Nyuma ya jamvi kukasikika chururu, kwiii, du. Kimya. Chururu, kwiii, du. Kimya. Chururu, kwiii, du.

Tembo akatabasamu. Hiyo ni ya tatu. Akatega sikio asikie mchi ukitua.

Chururu, kwiii, du.

Tabasamu likapungua kidogo.

"Mama yako anatwanga taratibu," akamwambia Kidawa.

"Ndiyo, bwana. Yeye si mtu wa papara."

Tembo akaongeza mbio. Du-du-du-du-du! Jua likapanda, du-du-du. Jua likafika utosini, du, du. Mkonga ukavimba, miguu ikatetemeka, akawa anapumua kwa mdomo. Nyuma ya jamvi chururu, kwiii, du, vilevile kama asubuhi, mlio haukuzidi wala haukupungua. Tembo akaanza kushuku. Bega gani bovu hili? Akasema moyoni kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akainama, jicho moja likaelekea chini ya jamvi.

Kidawa hakupiga kelele. Alitamka kwa upole, wazee wote wasikie, kwamba bwana mkubwa mwenyewe alisema ni mtu wa mila, na amchunguliaye mkwe habari zake hufika mpaka kwa ndege. Tembo akaliona kundi zima likimtazama. Akajifanya anaokota punje iliyoanguka, akainuka.

Akarudia kutwanga kwa hasira, DU! DU! Kilima kikatikisika. Jani kubwa likachomoka juu ya mwamba, likapeperuka, likaziba mwanzi.

Chururu ikakatika.

Kimya.

Tembo akasimama, mchi hewani. "Nasikia kimya," akasema. "Mama ametua?"

Macho yote yakamgeukia Kidawa.

"Mama anapepeta," akajibu. "Mkwe huruhusiwa kupepeta. Mchumba haruhusiwi. Ngoja nimpelekee ungo."

Wazee wa kipimbi wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuisikia mila hiyo tangu azaliwe. Lakini hakuna pia aliyemtaka Tembo awe jamaa yao, basi wote wakatikisa vichwa kwamba ndivyo, ni mila ya kale hiyo.

Kidawa akapita nyuma ya jamvi na ungo wake. Akamkuta mama amesimama mbele ya kinu cha zamani, ameshika mchi wa zamani, anajaribu kuuinua. Bega limekataa, machozi yanamtiririka, na bado anajaribu. Kidawa alihisi uchungu ambao hakuwahi kuuhisi, na upendo pia, vyote kwa pamoja. Akaudaka ule mchi kabla haujagusa chini.

"Nipe mimi, mama," akanong'ona. "Wewe umekwisha kutwanga."

Akauegemeza ukutani polepole usilie, akarukia mwamba, akalichomoa jani. Chururu. Maji yakaingia. Upawa ukajaa. Kwiii.

Du!

Upande wa pili wa jamvi, Tembo aliisikia hiyo du moja ikampitia mwili mzima. Akatwanga mara mbili nyingine. Akatwanga mara moja. Akaukumbatia mchi kama mtu anayemuaga ndugu, kisha akautua chini.

Hakuna aliyecheka, mila hairuhusu. Nyuma ya jamvi kulisikika chururu, kwiii, du.

Tembo alikaa mpaka pumzi ikamrudia. Alipoinuka kuondoka alimvuta Kidawa pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, niambie kweli. Mama yako anakula nini?"

"Kula hali, bwana. Ni maji tu."

Tembo akatikisa kichwa akashuka. Alipofika mtoni akanywa, akanywa, akaona hayatoshi, akajimwagia mgongoni. Mpaka leo anajimwagia. Bado anangoja zile nguvu.

Kilimani, Kidawa aliliondoa jamvi. Pimbi wakasogea, wakaliona gogo likiinama na kuinuka peke yake, na mama ameketi kando na kapu limejaa unga mweupe. Wanawake wakongwe wakalitazama muda mrefu. Mmoja akajishika bega lake mwenyewe, akaanza kulia, akacheka palepale. Kesho yake wakaja na vinu vyao. Kiangazi kilipofika na maji yakapungua, Kidawa alipanda hadi kileleni na jamvi kuukuu mkononi. Akasimama kwenye upepo, akahisi jamvi linavutwa, akaanza kuwaza upya.

Na mila ya posa ilibaki. Mama hutwanga mara tatu kwa mkono wake, akimpenda kijana. Asipompenda, huyaachia maji yajibu. Tangu hapo hakuna binti wa kilima kile aliyeolewa kwa sababu bega la mama yake limechoka.

Basi, watoto, fundisho la hadithi hii mlishike vizuri. Mvivu hafiki popote. Kazi ni jasho, na asiyetoka jasho hana chake. Msitafute njia za mkato kama Kidawa. Fanyeni bidii kama Tembo, ambaye alitwanga kutwa nzima bila kupumzika, na mmeona mafanikio yake.

Ngano nimekwisha kuitwanga. Unga chukueni nyinyi, pumba niachieni mimi.

"Tumechukua!"

Haya, nani anakwenda kunichotea maji?

Mbona kimya? Mnapepeta?