Pimbi na Jiwe Alilolikalia

Paukwa!

Pakawa!

Sijaridhika. Ninyi wa upande ule wa moto mnaobishana simu ya nani ina kamera nzuri, wekeni simu chini kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Na ya tatu ni ya waandishi wa programu, maana hao hawaitikii mpaka wajue wameitwa kwa lugha gani. Paukwa!

Pakawa!

Vema. Hapo zamani za kale, kompyuta zilikuwa mchwa. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mchwa walikuwa wengi, walikuwa wepesi, na walifanya kile walichoambiwa, si zaidi na si pungufu. Ukimwambia mchwa beba, anabeba. Ukimwambia beba ukasahau kumwambia acha, unarudi nyumbani unakuta kichuguu mlangoni, na mkeo yumo ndani anakuita kwa jina lako kamili.

Waliojua kuwaamrisha mchwa waliitwa mafundi, na katika Bonde la Mikwamba walikuwa wawili tu. Ungedhani watu wawili wanaweza kuelewana.

Wa kwanza alikuwa Pimbi. Mfupi, hana mkia, lakini sauti, mashallah, ingetosha tembo. Mbele alikuwa na meno mawili marefu, na moja limekatika nusu. Ulipomwuliza limekatikaje, alijibu hivi: "Nilipigana na tai." Tai hakuwahi kuulizwa.

Pimbi aliwaamrisha mchwa kwa mbinja, ule mluzi wa mdomo. Lugha yake aliiita Kimbinja, na aliisifu asubuhi, mchana na jioni. "Kimbinja ni chepesi. Kimbinja ni safi. Kimbinja ndiyo lugha ya kesho."

Wa pili alikuwa Nungunungu. Yeye alitikisa miiba yake, cha-cha-cha, cha-cha-cha, na mchwa wakaelewa. Lugha yake ni Kinjuga. "Kinjuga ni imara," alisema. "Mbinja hata upepo hupiga. Je, upepo nao ni fundi?"

Jambo moja tu waliafikiana. Kulikuwa na lugha kuukuu iitwayo Kikwaruzo, ya kuchora amri juu ya jiwe, mchwa wakapita juu yake wakaisoma kwa vipapasio. Kikwaruzo, walisema wote wawili, ni lugha ya washamba.

Siku moja, mwanzo wa masika, akaja Mama Kwale mbio mbio. Alikuwa ametoka kwenye kiota mara moja tu, mayai yasipoe.

"Shikamooni, mafundi."

"Marahaba, Mama Kwale. Kuna nini?"

"Lile tuta la mtoni linavuja pale konani. Kuna bonge la udongo lililowekwa pale tangu mimi nimo ndani ya yai. Mama yangu aliambiwa ni la muda tu."

"La muda!" Pimbi akacheka.

"Basi ule muda umekwisha, fundi. Bonge limemomonyoka. Mimi nina mayai kumi na mawili nyuma ya tuta, na vifaranga wameshaanza kugonga kwa ndani. Siku tatu wanatoka. Kuyahamisha siwezi, sina mikono. Nakuombeni mnizibie lile tundu, basi. Tundu tu."

"Hilo dogo," akasema Pimbi. "Ni kazi ya kutafuna karanga moja."

Na kweli ilikuwa kazi ya kutafuna karanga moja. Shikeni hapo, msije mkasema sikuwaambia.

Mafundi wakaenda mtoni. Hapo kandokando ya tuta palikuwa na jiwe bapa, limechorwa Kikwaruzo juu mpaka chini, na ukoga umeota pembeni. Hilo ndilo lililowaongoza mchwa miaka yote. Mto ukipanda, mchwa hupita juu ya jiwe, husoma, hupandisha tuta. Pimbi akainama akasoma kwa sauti:

"Mto ukigusa mwamba mweusi, amkeni. Wekeni tope safu moja. Subirini pumzi tatu. Wekeni safu nyingine. Subirini pumzi tatu. Wekeni safu nyingine. Subirini pumzi tatu..."

Akanyanyua kichwa. "Nani aliandika uchafu huu?"

"Wanasubiri nini?" akauliza Nungunungu.

"Hakuandika. Huenda alikuwa mvivu. Na tazama mwisho huku: 'Kisha konani wekeni...' Wekeni nini? Mtu ameacha sentensi katikati akaenda kula!"

Wakacheka mpaka Nungunungu akajichoma mwenyewe. Kisha Pimbi akasema yale maneno matamu kuliko yote katika kinywa cha fundi, yale ambayo hata mimi nikiyasikia moyo wangu hupiga: "Tutupe yote, tuanze upya."

Wakalipindua jiwe, maandishi yakaangalia chini. Mgongo wake ulikuwa laini, una jua zuri. Wakakaa juu yake wajadiliane.

Siku ya kwanza wakajadili lugha. Pimbi akasema Kimbinja, Nungunungu akasema Kinjuga. Pimbi akasema Kinjuga kinachosha masikio. Nungunungu akasema Kimbinja ni lugha ya ndege wasio na kazi. Jioni Mama Kwale akapaza sauti kutoka kiotani.

"Mafundi wangu, mmefika wapi?"

"Pazuri sana, Mama Kwale!"

"Tundu limezibwa?"

"Bado. Lakini mjadala umeshika njia."

Siku ya pili wakakubaliana kuchanganya, nusu mbinja, nusu njuga, kila mmoja akijua moyoni kwamba nusu yake ndiyo kichwa na ya mwenzake ndiyo mkia. Sasa wakajadili kiunzi. Tope litashikiliwa na kiunzi gani, cha fito au cha mianzi? Pimbi alikuwa wa fito. Alikuwa hajawahi kujenga kwa mianzi, na kwa sababu hiyo aliijua vizuri kasoro zake. Jioni Mama Kwale akaita, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

"Mafundi wangu, mmefika wapi? Mlimani kumeanza kuwa kweusi."

"Pazuri sana, Mama Kwale!"

"Tundu limezibwa?"

"Bado. Lakini tumepata kiunzi."

Siku ya tatu walikuwa na lugha, walikuwa na kiunzi cha maneno tu, na mchwa walikuwa wamejipanga kivulini wakingoja. Palibaki kitu kimoja tu. Fundi, kabla ya kutoa amri, huzipanga kwanza mchangani kwa vijiti asije akasahau. Nungunungu akapanga kijiti chake cha kwanza upana wa kucha nne kutoka ukingo wa mchanga.

"Kucha mbili," akasema Pimbi.

"Kucha nne. Macho yanapumzika."

"Macho yanayochoka kwa kucha mbili yakalale."

Jamani! Kwa ajili ya kucha mbili wakaitana majina mabaya. Kwa ajili ya kucha mbili wakatajiana wazazi. Kwa ajili ya kucha mbili Nungunungu akampa Pimbi mgongo, na mgongo wa nungunungu si kitu cha kupewa. Mama Kwale akaita, hakuna aliyemsikia. Akaita tena, hakuna aliyemsikia. Akaita mara ya tatu:

"Mafundi! Maji!"

Mto ulikuwa umeshapita mwamba mweusi.

Pimbi akaruka. Akapiga mbinja, fyuu-fyuu! Nungunungu akatikisa, cha-cha-cha! Na lazima niseme ukweli, ilikuwa amri nzuri, fupi na safi, haina kusubiri wala kurudiarudia. Mchwa wakamiminika. Safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu, tuta likapanda mbio kuliko lilivyowahi kupanda.

"Umeona?" Pimbi akapiga kelele. "Umeona Kimbinja?"

"Nimeona Kinjuga!"

Tuta likateleza. Tope la juu lilikuwa bichi, la chini lilikuwa bichi, na bichi juu ya bichi hutambaa. Safu ya tatu ikaanguka juu ya pili, ya pili juu ya kwanza, na mchwa wengi wakaenda na maji. Wakaamriwa tena, likaanguka tena. Wakaamriwa mara ya tatu, likaanguka mara ya tatu. Nyuma ya tuta Mama Kwale alikuwa amekalia mayai yake, maji yamefika kifuani, ametandaza mbawa na hataki kuondoka. Yai moja la pembeni likainuliwa na maji polepole, likazunguka mara moja, likaenda. Alilifuata kwa macho tu. Angeondoka kulifuata, mengine kumi na moja yangeenda.

Pimbi aliliona lile yai. Ndipo akakumbuka: Subirini pumzi tatu.

Akakimbilia jiwe, akalikumbatia, akalipindua. Mchwa Mkuu, kiongozi wao, akapanda juu yake akapapasa.

"Aa, hii tunaijua," akasema. "Hii ndiyo amri. Mbona mliikalia?"

Mchwa wakaweka safu. Wakasubiri pumzi moja, maji yanapanda. Wakasubiri pumzi ya pili, maji yanapanda. Pimbi alikuwa hajawahi kuona pumzi ndefu kama zile. Alitaka kupiga mbinja wafanye haraka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Pumzi ya tatu ikaisha, tope likashika. Safu nyingine, pumzi tatu, ikashika. Tuta likapanda, na likakaa.

Ilibaki kona. Pale maji yaliingia kama kawaida, maana amri ya kona haikuisha. "Kisha konani wekeni..." Pimbi akakwangua ukoga kwa kucha amalizie. Chini ya ukoga, mwisho kabisa wa mkwaruzo, kitu cheupe kilikuwa kimekwama ndani ya jiwe.

Kilikuwa kipande cha jino.

Pimbi akatazama kile kipande. "Nani aliandika uchafu..." akaanza, hakumaliza. Akakichomoa, akakiweka mdomoni, kwenye lile jino lililokatika. Kikakaa. Kikakaa kama mfuniko na chungu chake.

Yote yakamrudia. Alikuwa kijana, mvua za kwanza, mto umefura, na kwale mmoja analia nyuma ya tuta. Hakuwa na wa kubishana naye. Aliandika asubuhi moja kwa meno yake, kwa hofu. Tope liliteleza, akagundua kusubiri, akaandika subirini pumzi tatu, na sababu hakuiandika kwa kuwa aliamini hataisahau maisha yake yote. Alipofika kona jino likavunjika. Akabandika bonge la udongo, akamwambia yule kwale: hili ni la muda tu, nitamalizia kesho. Kisha akaenda nyumbani akatunga habari za tai.

"Ndugu yangu," Nungunungu akasema nyuma yake, taratibu. Alikuwa amechomoa mwiba wake mrefu kuliko yote. Hakusema Kinjuga, hakusema Kimbinja. Alimpa tu.

Pimbi akaandika neno moja lililobaki: tope. Mchwa wakasoma, wakaziba. Ilichukua muda wa kutafuna karanga moja.

Maji yalipotulia, mayai kumi na moja yakapasuka moja baada ya jingine, kwi-kwi-kwi, na Mama Kwale akawahesabu vifaranga. Akahesabu tena. Pimbi akasimama mbele yake.

"Mama Kwale, aliyeandika lile jiwe ni mimi. Nimelikuta jino langu."

"Mama yangu alikufa akimwombea dua fundi yule," akasema Mama Kwale. "Bila yeye mimi nisingezaliwa. Nakushukuru uliyeandika." Akatazama mtoni. "Lakini uliyelikalia siku tatu, siwezi kukushukuru leo."

"Wote wawili ni mimi."

"Najua. Basi uwasalimie wote wawili."

Pimbi alirudi kwenye jiwe, akachora chini kabisa kwa mwiba wa rafiki yake: "Subirini, kwa sababu tope bichi halibebi tope bichi. Aliyeandika ni Pimbi. Aliyesahau ni Pimbi. Jino halikuvunjwa na tai."

Nungunungu akasogea, akasoma polepole, machozi yakamlengalenga. "Maneno mazito, ndugu yangu," akasema. "Ila huu mstari ungeuanzia kucha nne kutoka ukingoni."

Ndiyo maana mpaka leo, ukipita penye mawe mchana, utamkuta pimbi amekaa juu ya jiwe. Watu husema anaota jua. Haoti jua. Analinda, asije fundi mwingine akalipindua, na anayemhofia zaidi ni yeye mwenyewe.

Mbona mnanitazama mdomoni? Tazameni moto. Hili jino langu lilivunjika... haya, lilivunjika kwa kutafuna kalamu, nikiandika kitu ambacho wiki iliyopita nilikiita uchafu mbele ya watu kumi.

Hadithi yangu naiacha hapa hapa, na haina la kumalizia kesho.