Sultani Aliyekohoa Kikohozi cha Mchoma Chokaa

Wamesimulia waliotutangulia, na ajuaye yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba mji wa Rasmarjani, uliojengwa juu ya mwamba mweupe, ulitawaliwa na Sultani Kahtani bin Mudhafari, mfalme mpole wa kauli na mvivu wa miguu, aliyewapenda raia zake mapenzi ya kweli lakini hajapata kuingia katika nyumba ya hata mmoja wao, kwa kuwa jua lilimchosha na ngazi zilimchosha zaidi.

Siku moja tajiri mmoja kutoka Basra akamtunukia pete ya akiki, na Sultani alipoipangusa kwa pindo la joho lake, mara akatokea jini mrefu kama mnara, jina lake Kaimuni, akainama hata paji la uso likagusa zulia, akasema, "Labeka, Maulana. Mimi ni mtumwa wa pete hii, na mwenye kuivaa ana amri mbili juu yangu, hana ya tatu. Amrisha."

Sultani akafikiri, na kwa kuwa hazina yake ilijaa na adui hakuwa naye, akasema, "Amri yangu ya kwanza ni hii. Nataka niijue hali ya raia zangu, kila mtu katika kazi yake, nami nisiinuke hapa nilipoketi."

"Imekuwa," akasema jini, akatoweka.

Sultani akakaa akitega masikio, akidhani ataletewa sauti za watu au ataonyeshwa sura zao ndani ya kioo, na siku tatu zikapita hakusikia wala hakuona kitu, akasema moyoni kwamba jini yule ni muongo, na amri akaisahau, lakini pete akabaki nayo kidoleni kwa uzuri wake.

Katika siku hizo hizo maradhi yakaanza. Akivaa kofia yake mpya iliyodariziwa kwa hariri, macho yanamwasha na kichwa kinamgonga. Akinywa maji, bega la kulia linamwelemea kama lililobeba mtungi kutoka kisimani. Na akiegemea ukuta wa jumba jipya alilokuwa akijijengea, jumba la vyumba mia ambalo sehemu yake ilikwisha kupakwa chokaa ikang'aa kama maziwa, kikohozi kinampanda kutoka chini ya mbavu, naye anakohoa hata machozi yanamtiririka. Ajabu ni kwamba asubuhi akila wali wa mpunga mpya, moyo wake unachangamka na mikono inapata nguvu, na anajikuta akiufuata kwa bega wimbo wa kutwangia asiopata kuufunzwa.

Wakaitwa matabibu watatu wenye vilemba vikubwa. Wakampa asali ya mwituni, na kijiko cha kwanza kilipogusa ulimi uso ukamvimba kama aliyeangukia mzinga. Wakamnyunyizia marashi ya waridi, na vidole vikamchoma kama vilivyopita katika miiba. Mwisho wakamwamuru alale na asifanye kazi yoyote, na Sultani akaitii amri hiyo bila taabu, maana kazi hakuwa nayo tangu mwanzo, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ikapigwa mbiu kwamba atakayemponya Maulana ataomba atakalo.

Basi mama yake Sultani, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Mkubwa, akamkumbuka mkandaji wake, mjane mmoja jina lake Somoe binti Kheri. Somoe alikuwa akikanda watu barazani kwake, mlango wazi na watu wakipita, na kwa miaka ishirini migongo ya mji wote ilipita chini ya mikono yake, hata akifumba macho aliweza kumtambua mchota maji kwa bega na mshonaji kwa shingo. Na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alikuja kwake Vuai bin Machano, mkuu wa wachoma chokaa, mtu mcheshi mwenye nyusi zilizopauka kwa vumbi, na Somoe alimpenda, naye Vuai alimpenda Somoe, na hilo halikufichika kwa yeyote aliyepita njia ile.

Ijumaa moja Somoe alimwambia, "Vuai, mimi mjane nawe mgane. Tunangoja nini?"

Vuai akasema, "Bi Somoe, kifua changu hiki hakina miaka mitatu. Umekwisha kumzika mume mmoja. Sitaki nikukalishe eda ya pili." Akakohoa, mara tatu kwa ufupi na mara moja kwa mluzi mrefu, akajifunga shuka yake akaenda zake, na Somoe akabaki akikunja mkeka ambao ulikuwa umekunjwa tayari.

Alipoitwa jumbani alikuta Sultani amelala kifudifudi katika chumba kilichokwisha kupakwa chokaa, mkono wake umegusa ukuta, na Bibi Mkubwa ameketi kichwani pake. Somoe akamfunika shuka, akaanza mabegani, akashuka mgongoni kidole kwa kidole, na mara Sultani akakohoa, mara tatu kwa ufupi na mara moja kwa mluzi mrefu. Mikono ya Somoe ikasimama.

"Mbona umeacha?" akauliza Bibi Mkubwa.

"Kikohozi hiki si cha Maulana."

"Angalia kauli yako, Somoe."

"Bibi yangu, mgongo huu ni laini kama unga, haujapata kubeba kitu. Lakini maumivu yaliyomo ni ya watu, nami nawajua. Bega hili la mchota maji. Shingo hii ya mdarizi. Na kifua hiki ni cha Vuai bin Machano anayechoma chokaa ya jumba hili. Ningekijua popote."

Sultani akageuka akaketi, akamtazama mikono. "Na tangu ulipoanza kunikanda," akasema taratibu, "vidole gumba vinaniuma mpaka kwenye kiwiko. Hivi ndivyo vinavyokuuma wewe?"

Somoe akainamisha uso. "Mwaka wa saba huu, Maulana. Hajapata kuniuliza mtu."

Hapo Sultani akaikumbuka amri yake, akaipangusa pete, na Kaimuni akatokea.

"Nilikuomba kujua, hukunijulisha. Umenitesa," akasema Sultani.

"Maulana, uliomba hali ya watu katika kazi zao," akajibu jini. "Hali hiyo haikai katika maneno, hukaa mwilini. Nimekuletea kutoka pale ilipo, kila ugusapo kazi ya mtu, chungu yake na tamu yake. Pete ukiivua, amri haiondoki nayo. Lakini umebakiwa na amri moja. Sema neno, niyaondoe yote, urudi ulivyokuwa."

"Sema, mwanangu," akasema Bibi Mkubwa. "Sema upone."

Sultani akamgeukia mkandaji. "Nawe wasemaje?"

Somoe alijua kwamba kila atakalosema litakuwa juu ya kifua kimoja au kingine. Akasema, "Maulana, nilipokuwa nikipanda ngazi nilinuia, nikikuponya, nikuombe umpumzishe mtu mmoja na tanuri la chokaa. Sasa nimekugusa, na unaumia kama yeye. Sina ulimi wa kumwambia mgonjwa aendelee kuugua kwa faida yangu. Amri ni yako."

Sultani akautazama ukuta mweupe, na kwa mara ya kwanza hakuuona weupe wake. Akasema, "Kaimuni, waponye wachoma chokaa wote wa mji huu, vifua vyao viwe kama walivyozaliwa navyo. Mimi niache nilivyo."

"Kesho watarudi kwenye tanuri lilelile," jini akamwonya, "na moshi utawarudisha walikotoka, nawe utakohoa pamoja nao, na mimi sitakuwepo."

"Ndiyo sababu. Mimi ni mtu wa kusahau, na nikipona leo nitasahau kesho."

Jini akaibusu ardhi, na kwa kuwa amri mbili zimetimia akawa huru, akaenda zake.

Na Sultani akaomba viatu, jambo lililowashangaza walinzi, akateremka ngazi akipumzika mara mbili njiani, akaenda kwa miguu hadi kwenye tanuri la chokaa, akamkuta Vuai anavuta pumzi na kuitoa, anavuta na kuitoa, kama mtu aliyeokota kitu asiamini kuwa ni chake.

"Vuai," akasema Sultani, "nieleze, ni nini katika kazi hii kinachokuueni?"

Vuai akamtazama, akaona anaulizwa kweli. "Haraka, Maulana. Chokaa yenyewe tunaijua tangu babu zetu. Tanuri huwashwa upepo unapovuma kwenda baharini, nasi tukakaa nyuma ya upepo. Mawe ya matumbawe yakishaiva humwagiwa maji yakalala siku saba, ndipo yakachekechwa, na vumbi halipandi. Na mtu akikaa mwezi tanurini, mwezi wa pili huenda kukata boriti. Lakini jumba la vyumba mia lilitakiwa kabla ya mfungo, basi tukachoma kwa kila upepo na tukachekecha kikavu."

"Jumba na lingoje."

"Litangoja miaka minne, Maulana."

"Ninavyo vyumba vya kulala," akasema Sultani.

Basi kazi ikarudishwa katika kipimo chake, na mwezi wa tatu Sultani akaegemea ukuta mpya asikohoe. Akafanya hivyo kwa kila kazi iliyomuuma, huku akienda mwenyewe kuuliza. Wadarizi wakajengewa baraza yenye mwanga, na warina asali wakashonewa shela za kitani za kufunika nyuso. Wasuka mikeka tu ndio walioshindikana, maana aliwatengenezea viti kwa ajili ya magoti yao, nao wakamshukuru, wakaviweka viti juani kuanikia ukili, wakaketi chini kama desturi yao. Kwa hiyo Sultani akawa mwenye magoti mabovu mpaka uzeeni, na alipoulizwa alisema kwamba mikeka ya Rasmarjani ni mizuri na kila kizuri kina haki yake. Na miguu yake iliyozoea kulala ikawa miepesi kwa kutembea, na usingizi wake ukawa mzito kama wa mchota maji.

Ama Vuai, alifika barazani kwa Somoe siku ya Jumatatu, isiyokuwa siku yake, amevaa kanzu ya pasi.

"Leo sikukuja kukandwa," akasema.

"Naona. Umekujia nini?"

"Wewe ulikwisha kuniuliza, nami nilikujibu vibaya. Niulize tena."

Somoe akamtazama nyusi zake, ambazo zilikuwa zimeanza kurudia weusi, akasema, "Siulizi mara mbili, Vuai. Uliza wewe."

Akauliza. Harusi ikawa ya siku saba, na Bibi Mkubwa mwenyewe akamtia Somoe hina, viganjani kwanza na kwenye vidole gumba mwisho, polepole. Sultani akawapa nyumba ya mawe na shamba la minazi, na ikatolewa amri ya dola kwamba mkandaji yeyote asikande zaidi ya watu wanne kwa siku, na wanafunzi sita wakawekwa kwa Somoe wajifunze mikono yake. Wakaishi kwa raha na mapenzi, na Vuai akaizidi ile miaka mitatu kwa miaka thelathini na mmoja.

Na waliotuachia habari hii walisema kwamba kazi ni chakula cha mwili, humkuza mtu na kumfurahisha, na ikipita kipimo humla yeye. Basi ukiona kizuri kilichotengenezwa na mwenzio, kisifu, kisha muulize anaumwa wapi.