Ugeni Usio na Sababu

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima wenye nyumba zao mjini. Jina lake Mzee Mbazi. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, naye aliishi peke yake juu mlimani, katika shamba la kahawa na migomba, mwendo wa saa nzima kutoka sokoni ambako magari huishia. Watoto wake hawakuwa wabaya. Walimpigia simu kila Jumapili, na kila mmoja alipopata shida alipanda mlima: huyu amepoteza cheti, yule amegombana na mwenzake, yule anataka mbegu za maharage. Mzee alikwisha kuzoea. Mtoto akiingia na shida yake mkononi, baba anajua pa kumweka.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, wakaja wote watatu kwa pamoja, na hawakuwa na shida yoyote.

Mzee aliwaona tangu wakiwa kwenye kona ya mfereji, akasimama mlangoni akiwahesabu. Haikuwa Krismasi. Hapakuwa na harusi wala kikao cha ukoo. Akawaza haraka haraka ni nani aliyekufa, akawapitia jamaa zake wote mmoja mmoja, akakuta ni wazima kwa kadiri ya habari alizokuwa nazo. Aliyebaki ni yeye. Akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma Nakundwa, binti yake mkubwa, alimpeleka hospitali kupimwa, na walipokwisha kutoka akarudi ndani kwa daktari peke yake, akisema amesahau mwavuli. Na siku ile mvua haikunyesha. Kwamba wanawake hujikinga jua kwa mwavuli, hilo mzee hakuliwaza.

"Shikamoo, baba," wakasema. Aliitikia marahaba tatu, moja moja, akimtazama kila mmoja machoni. Macho yao yalikuwa makavu. Akajua wamekubaliana njiani.

Tangu hapo hakutulia. Tumsifu, mtoto wa pili, ambaye hajashika jembe tangu amalize shule, aliomba kuzungukia shamba, akaenda mpaka kwenye mipaka yote minne. Mzee akamfuata kwa mbali akijifanya anakagua kahawa, akamwona anaupapasa mti wa mpakani. Anagawa, akasema moyoni. Nakundwa, aliye fundi cherehani, alitoa tepu akampima mabega, kisha akampima na urefu, eti anataka kumshonea koti la baridi. Mzee alijua koti huishia wapi, na tepu ile ilishuka chini zaidi. Ombeni, kitinda mimba, alitoa simu akataka kumpiga picha, akamwomba atabasamu. Mzee alikwisha kuzika watu wengi, na ile picha kubwa inayowekwa juu ya jeneza alijua hupatikana namna gani. Akakunja uso makusudi, ili kama ni ya kazi hiyo, iwaaibishe. Baadaye Ombeni huyo huyo, ambaye utotoni alikuwa akificha sahani chafu chini ya kitanda, akaosha vyombo bila kuambiwa. Hapo mzee aliona hata ushahidi umezidi.

Msimcheke upesi. Mzee Mbazi hakuwa mjinga, na dalili hizo hakuzitoa hewani. Mkewe alipougua, daktari alimwita yeye pembeni, si mgonjwa, akamwambia hakuna la kufanya. Yeye ndiye aliyewapigia watoto simu. Wakaja wote siku moja, wakaosha vyombo, wakapiga picha, wakacheka sana. Mama yao akauliza kuna nini, na mumewe akamjibu kwa upole bila kupepesa macho, naye akaridhika, akala siku ile kuliko siku zote. Baada ya wiki tatu walimzika.

Saa saba makande yakapakuliwa. Nakundwa alikuwa ameyaunga kwa maziwa, kama mama yake. Wote wakaketi, lakini mzee hakugusa kijiko. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujipanga, daktari amesema amebakiza muda gani.

Wakatazamana. Ombeni akaangua kicheko, wengine wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka wakatokwa na machozi, na mzee akaona ndiyo yale machozi aliyokuwa akiyangoja tangu asubuhi. Nakundwa akajifuta uso, akamshika mkono.

"Hatukuja na jambo, baba," akasema. "Tumekukumbuka tu."

Mzee akauchomoa mkono wake. Watoto wamekukumbuka tu: ndivyo yeye alivyomwambia mkewe, na alikuwa anadanganya.

Akainuka, akachukua kofia na fimbo, akawaambia wale chakula, yeye atarudi akishaujua ukweli. Walimsihi. Tumsifu alimfuata hadi mferejini akimwapia kwa jina la mama yao, lakini kwa mzee hata kuapa kulikuwa dalili. Akashika njia ya zahanati iliyo upande wa pili wa bonde, akapanga foleni nyuma ya kina mama wenye watoto wa kikohozi, na zamu yake ilipofika akatoa karatasi za hospitali. Mganga akazisoma, akampima presha, akamsikiliza kifua, akamwambia hana ugonjwa wowote, ila apunguze chumvi. Mzee akamtaka aape. Mganga akamwita mgonjwa anayefuata.

Alirudi akipanda mlima kama kijana. Furaha ilimjaa mpaka akawa anaongea peke yake njiani. Alipanga jinsi atakavyowasimulia, jinsi watakavyomcheka naye acheke pamoja nao, na jinsi atakavyomwambia Ombeni ampige picha nyingine, sasa akiwa ametabasamu. Hata habari ya koti aliifikiria, akaamua liwe la kahawia.

Alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Gari la mwisho huondoka sokoni saa kumi, na Jumapili hakuna gari. Watoto walikuwa wamemngoja mpaka hapo walipoweza. Ua ulikuwa umefagiwa, vyombo vimeoshwa tena, na makande yake yalikuwa mezani, yamefunikwa kwa sahani. Akaketi akayala yakiwa yamepoa, na roho ikamuuma sana, kwa sababu yalikuwa matamu na hapakuwa na mtu mezani wa kumwambia.

Sasa nawauliza, ninyi mlio wazazi na ninyi ambao bado mna wazazi: mtu aliyepewa siku nzima na wanawe, akaitumia kwenda kuulizia kama amebakiwa na siku nyingine, je, siku ile alirudi nyumbani akiwa mzima?