Vijana wa Ng'ambo ya Kijito

Mtu mmoja, jina lake Mgaya, alikuwa na shamba zuri la viazi na jirani asiyempenda. Jirani huyo, Kiswaga, alilima ng'ambo ya kijito, na ugomvi wao ulikuwa juu ya kipande cha bondeni chenye udongo mweusi, ambacho kila mmoja alisema ni cha babu yake.

Kiswaga alikuwa na wapwa watatu, watu wazima, aliowafukuza kwake kwa sababu ya wizi. Waliishi ndani ya mianzi upande ule ule wa mjomba wao, wakiwa na njaa na kinyongo. Mgaya akaona hapo pana njia rahisi. Akawapelekea ugali na maharage. Baadaye akawapelekea mapanga mapya. Hakuwaambia wafanye nini, wala hakuwakaribisha nyumbani kwake hata mara moja. Mwanawe Nehemia alipomuuliza chakula kinakwenda wapi, alimwambia anyamaze.

Wapwa wakang'oa viazi vya mjomba wao vikiwa bado vichanga. Wakachinja ng'ombe wake wa maziwa. Alipojaribu kuwazuia, wakamvunja mkono wa kulia. Kwenye kikao cha kijiji Mgaya aliapa kuwa hawajui watu hao, na pole akatoa, mnafiki mkubwa yule. Wana wa Kiswaga wakachoka, wakahamia mjini na wake zao, na wengine wa upande ule wakawafuata. Msimu huo Mgaya alilima bondeni peke yake, akavuna vizuri, akalala usingizi mtamu.

Lakini watu wenye mapanga hawaachi kula kwa sababu wewe umeshiba. Ng'ambo hapakuwa tena na cha kuiba. Mgaya aliposema basi, chakula kimekwisha, walivuka kijito mchana kweupe kuja kujichukulia wenyewe. Nehemia alisimama mlangoni mwa ghala kuwazuia. Wakamkata hapo hapo, wakabeba magunia, wakarudi kwenye mianzi.

Katika bonde lile mfiwa hashiki jembe. Upande wa Mgaya wote ni ukoo mmoja, wote wafiwa, kwa hiyo kaburi huchimbwa na watu wa ng'ambo, naye baba huketi akalia. Mgaya aliketi uani, akalia, akangoja. Akaja mtu mmoja tu, Kiswaga, mkono wake ukining'inia.

Akasema, "Pole, Baba Nehemia. Nimekuja, lakini mkono huu haushiki jembe, na wanangu waliokuwa wakichimba hawapo."

Mgaya akainuka, akachukua jembe, akamchimbia mwanawe kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Kiswaga alisimama kando mpaka mwisho.

Ninyi mnaowalisha wenye mapanga nyuma ya nyumba ya jirani, kisha mkaapa mbele za watu kuwa hamwajui, nawauliza: siku ya msiba wenu mtamwita nani?