Gololi za Mbwamwitu

Wenye masikio mpo?
— Tupo.
Na wenye usingizi?
— Wameshalala.
Afadhali. Basi alikuwepo.
— Nani?
Mbwamwitu wa Serbia, zamani za ufalme. Mkubwa wa mwili, mkubwa zaidi wa tumbo. Alitaka kuingia bungeni apitishe sheria moja tu: kila tunda la plamu linaloanguka chini ni mali yake. Na wanyama wadogo wa bonde lile waliishi kwa plamu za chini. Sheria ikipita, baridi ikija wanakufa njaa. Kwa hiyo wakamsimamisha Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, ashindane naye.

Kura ilipigwa kwa gololi. Unapewa gololi moja, unaingiza ngumi kwenye sanduku la huyu, unaingiza kwenye sanduku la yule, unaiachia unakotaka, kisha unaonyesha kiganja kitupu. Siri hiyo. Lakini masanduku yalikuwa ya mbao, na gololi ikidondoka inalia ko!

Mbwamwitu akaweka kiti chake karibu. "Nisiposikia ko kwangu," akatangaza, "aliyepiga ndiye chakula changu cha jioni."

Kalunguyeye akamwendea kwa adabu. "Mheshimiwa, kwako zitalia kutwa nzima, kwangu italia yangu peke yake. Nitachekwa. Niruhusu nitandike sufu sandukuni mwangu."

"Tandika," Mbwamwitu akacheka. "Weka na mto kabisa."

Kalunguyeye akatandika, kisha akapita kwa wenzake. "Ngumi ikiwa ndani kwa Mbwamwitu, gongeni ubao kwa kucha. Gololi ishikilieni. Mje muiachie kwangu."

Siku ikafika. Mfalme Dubu akakaa kusimamia. Mbwamwitu akapiga wa kwanza: ko!

Akaja Kindi. Ngumi huku: ko! Ngumi kule: kimya. Kiganja kitupu.

"Huyu wangu," akasema Mbwamwitu, wote wasikie.

Akaja Panya. Ngumi huku: ko! Ngumi kule: kimya. Kiganja kitupu.

"Huyu wangu."

Akaja Fuko. Kwa woga akagonga mara mbili: ko! ko! Wenzake roho juu.

"Huyu ananipenda kupita kiasi," akasema Mbwamwitu. "Wangu."

Ikawa hivyo mpaka wa mwisho.

Masanduku yakafunguliwa. La Kalunguyeye limejaa. La Mbwamwitu lina gololi moja, aliyoitia mwenyewe.

"Mfalme, nimezisikia kwa masikio yangu!"

"Sheria inasema tuhesabu zilizomo," akajibu Dubu. "Ulizosikia nenda nazo nyumbani."

Mbwamwitu akawageukia wapiga kura, mate yanamtoka. "Basi aliyeninyima namla sasa hivi."

"Mtaje, Mheshimiwa," akasema Kalunguyeye. "Ni yupi?"

Mbwamwitu akamtazama Kindi. Akamtazama Panya. Akamtazama Fuko. Kila mmoja alishamwita wake, tena mbele ya Mfalme. Akaondoka na njaa yake, nao wakaenda kuokota plamu.

Mafunzo? Watoto, msiwadanganye wakubwa. Wana masikio makubwa, wanasikia kila kitu.

Ngano yangu imekaa chini. Nami nipisheni, nikae.