Mayai ya Bata Tengani mwa Kishungi

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo nini hiyo? Mmeshinda njaa? Itikieni kama watu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Kale hiyo, kale hasa, palikuwa na kuku jike jina lake Kishungi. Aliitwa hivyo kwa ajili ya kile kishungi cha manyoya kichwani. Aliishi uani kwa Bi Mwanakheri. Kiota chake kilikuwa ndani ya tenga bovu, lililokaa juu ya mafiga ya zamani nyuma ya jiko. Na uani humo humo aliishi Bata.

Kishungi alikuwa na sifa moja, na sifa hiyo aliijua mwenyewe kuliko mtu yeyote. Akiatamia mayai leo, wewe hesabu siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na moja, pasu! Vifaranga nje. Si ishirini. Si ishirini na mbili. Kuku wachanga wakija kumuuliza, yeye huinua shingo. "Ishirini na moja, mwanangu. Mimi sibahatishi."

Bata, maskini, hajawahi kutotoa hata yai moja. Alitaga popote. Njiani alitaga. Topeni alitaga. Chini ya jiwe la kufulia alitaga, kisha huyo, kaenda kuoga, kasahau. Akirudi, kenge ameshapita. Uani watoto wa kila mtu wanakimbizana, wake hakuna. Jambo hilo lilimuuma sana.

Siku moja akaja kando ya tenga.

"Hodi, shoga."

"Karibu. Futa miguu."

Akafuta.

"Kishungi, nakuomba. Niache nitage humu kwako. Ukiatamia yako, uniatamie na yangu. Mimi nimeshindwa. Nikikaa kidogo tu, miguu inawasha, nataka maji."

Kishungi akamtazama. Akafikiri. Akaona jinsi atakavyosifiwa: kuku aliyetotoa kuku na bata kwa mpigo mmoja!

"Taga," akasema.

Hakuuliza mayai ya bata hukaa siku ngapi. Aulize ya nini? Yai ni yai. Na hata angeuliza, Bata angejulia wapi?

Kishungi akataga sita. Bata akataga manne, makubwa, ya kijanikijani. Yakawa kumi. Kishungi akapanda juu, akatanua mbawa, akatulia tuli.

Siku zikaenda. Mara moja kwa siku anashuka, anadonoa pumba, anakunywa maji, mbio anarudi. Siku ya tano. Siku ya kumi. Siku ya ishirini. Kila asubuhi Bata yupo: "Vipi, shoga?" Naye Kishungi: "Bado. Ishirini na moja."

Ikafika. Ko! Ko! Ko! Maganda yakapasuka. Kifaranga wa kwanza huyo. Wa pili. Wa tatu. Mpaka adhuhuri wote sita wako nje, wamekauka, wanalia chiu, chiu, chiu.

Na yale manne? Kimya.

"Wangu je?" Bata akauliza.

"Subiri. Wanakuja."

Lakini alisema bila kumtazama usoni. Kesho yake, kimya. Vifaranga wanalia njaa, wanataka kushuka. Ndipo akaja Jogoo, kifua mbele. Huyu Jogoo tangu azaliwe hajaatamia hata kokoto, lakini mambo ya mayai alikuwa anayajua yote. Watu wa namna hiyo mnawajua. Kama yumo humu, anyamaze tu.

"Kishungi! Siku si zimetimia?"

"Zimetimia."

"Basi hayo viza. Yatupe kabla hayajanuka. Au watoto wako wafe njaa kwa ajili ya viza vya Bata?"

Kishungi aibu ikamjaa. Siku ya ishirini na mbili, yeye, bado yuko tengani! Akajiambia, kosa si langu, kosa ni la mayai ya huyu mzembe. Akaingiza mguu chini ya yai moja, akalisukuma. Likabingirika, likapita ukingo wa tenga. Pwaa! Juu ya figa.

Akachungulia. Halikunuka. Ndani mlikuwa na kifaranga wa bata, mdomo bapa, macho yamefumba. Alikuwa anapumua. Akapumua, akapumua, akaacha.

Jogoo akakohoa. Akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa ua.

Bata akatokea anachuruzika maji, katoka kuoga. Akaona. Kishungi angeweza kusema ni kenge, na angeaminiwa. Hakusema.

"Ni mimi, Bata. Nimelisukuma mimi. Nilidhani viza. Mwanao alikuwa hai. Alikuwa bado tu, siku zake hazijafika. Nimemuua."

Bata akaliangalia lile figa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Yamebaki mangapi?"

"Matatu."

"Rudi ukae juu yake."

"Na hawa wangu? Nikikaa, watakufa njaa. Nikiondoka, wako watapoa."

"Nipe mimi niwatembeze."

"Wewe? Ukiingia dimbwini watakufuata. Watakufa maji wote sita!"

"Sitaingia."

"Bata, wewe? Usiingie majini?"

"Nimesema sitaingia. Kwa siku ngapi, Kishungi?"

Kishungi, bingwa wa hesabu, akainamisha kichwa. "Sijui."

Basi Bata akaenda na watoto sita wa kuku nyuma yake, chiu, chiu, chiu. Kuparua hajui. Akachimba mchwa kwa ule mdomo bapa, akachimba mpaka ukachubuka. Dimbwi akilipita, anageuza uso. Siku moja hajaoga. Siku ya pili. Siku ya nne manyoya yamejaa vumbi, nyayo zimepasuka. Kuku wakamcheka: "Bata mkavu! Bata mkavu!" Akapita.

Na Kishungi akakaa. Akakonda, upanga wake mwekundu wa kichwani ukapauka. Huko nje akawasikia wanawe wanamkimbilia mwingine. Wivu ukamla, tusifichane, ukamla kwelikweli. Akakaa.

Siku ya ishirini na nane, chini ya kifua chake, kitu kikakwaruza. Ko. Ko. Pasu! Mmoja. Pasu! Wawili. Watatu!

Walipokauka akawashusha. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakaliona dimbwi. Hao! Chubwi, chubwi, chubwi!

"Uuuwi! Watoto wa watu wanakufa!" Kishungi akapiga yowe, anakimbia ukingoni huku na huku.

Bata akaja mbio, na wale sita nyuma yake. Akawaona wanawe juu ya maji. Siku zote hizo miguu inawasha, na watoto wake wako pale, hatua mbili. Akasimama.

"Kishungi, waite wako kwanza."

"Ko, ko, ko!"

Vifaranga hawakusogea. Wakazidi kujibana miguuni pa Bata.

"Ko, ko, ko, wanangu!"

Wapi. Kishungi akalia. Akalala chini kwenye mchanga, akatanua mbawa zake zilizokonda. Bata hakugeuka, hakuwatazama. Kifaranga mmoja akanyoosha shingo. Akasogea. Akaingia chini ya ubawa, akaona joto. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Bata akangoja mpaka mkia wa yule wa sita umepotea manyoyani.

Ndipo akaingia majini. Na wale watatu, ambao hawajamwona tangu wazaliwe, wakageuka wote pamoja, wakamfuata.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo yake ni haya. Usimhesabie mwenzio kwa siku zako. Kabla hujasema shughuli yake imeoza, uliza inachukua muda gani, na kama hakuna ajuaye, ngoja. Kishungi hakuuliza, na dimbwini waliogelea watatu, si wanne.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka, aibebe.